Maji Matatu ya Mwani

Mteja mmoja aliniletea kichupa chenye ute wa rangi ya makamasi, akaniomba nikichanganye kwenye keki ya kuzaliwa ya mume wake. "Ni mwani," alisema, kwa sauti ile watu wanayotumia kutaja kanisa jipya walilohamia. "Dada, hii kitu inatibu." Nikamwuliza inatibu nini. Akanitazama kana kwamba nimeuliza moto unaunguza nini. Akaanza kuhesabu kwa vidole: ngozi, presha, vidonda vya tumbo, uzazi, uchovu wa asubuhi, na lile jambo la wanaume ambalo alilitaja kwa kuinua nyusi tu. Vidole vilipokwisha alianza upya na kidole gumba.

Singida mjini sasa vichupa hivi vimejaa. Watu ambao hawajawahi kukanyaga pwani, wenye ziwa zima la chumvi nyuma ya nyumba zao wasilolitazama hata kwa bahati mbaya, wanalamba ute wa bahari kijiko asubuhi na kijiko jioni, kisha wanapiga picha kijiko. Nawadharau. Nawadharau wauzaji zaidi, wale wanaoandika "asili kutoka baharini" kwenye karatasi waliyoibandika ovyo. Kama ni dawa ya kila kitu, basi ianze na ujinga.

Nimeisoma tena aya hiyo na nimeona ni ya kibabe. Naiacha, kwa sababu ndivyo nilivyo, ila nakiri kwamba dharau yangu haijawahi kuwa safi. Mimi ni mwoka keki niliyejifundisha mwenyewe kwa simu. Napima unga mara tatu, na siweki kitu kwenye keki bila kukinusa na kukionja. Kwa hiyo nilikifungua kile kichupa. Harufu ikatoka: chumvi, kamba iliyolowa, chuma kilichoshikwa na mkono wenye jasho, na samaki aliye mbali sana. Sikuonja. Nilimwambia mteja akatafute mwoka keki mwingine, nikafunga mlango, nikakaa sakafuni.

Harufu ile niliijua. Iliingia nyumbani kwetu Kinyangiri nikiwa darasa la tatu, ndani ya gunia, pamoja na mwanamke aliyeitwa Riziki.

Riziki alikuwa mke wa baba mdogo, kitinda mimba wa bibi yangu. Baba mdogo alikwenda pwani kutafuta maisha akiwa utingo wa lori, akarudi akiwa dereva mwenye mke kutoka kusini mwa Unguja. Dini haikuwa tatizo. Nyumba yetu ilikuwa na rozari na tasbihi kwenye misumari ya ukuta mmoja. Babu alikufa Mwislamu, Bibi alikuwa Mkristo wa kiti cha mbele. Tatizo lilikuwa gunia. Bibi alitegemea bi harusi wa pwani aje na khanga, au vyombo, au hata mkeka. Akaja na gunia la vitu vinavyofanana na kamba za manila zilizounguzwa, vigumu, vyenye vumbi jeupe la chumvi.

"Ndiyo nini hii?" Bibi aliuliza.

"Mwani, mama. Mimea ya baharini. Ndiyo kazi yangu, nalima."

"Unalimia wapi?"

"Baharini."

Jirani yetu Mama Yohana alikuwa amekuja kusalimia, yaani kupeleleza. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Jamani! Huyu analima maji! Na palizi mnafanya na ndoo?"

"Palizi ipo," Riziki alijibu bila kukasirika. "Tunapigilia vijiti, tunafunga kamba, kwenye kamba tunafunga mbegu. Maji yakijaa yanafanya yao, yakitoka tunaingia tunatoa magugu."

"Na mnakula?"

"Zamani hatukula. Tulikausha tukajaza magunia, wenye meli wakachukua. Siku hizi kina mama tumejifunza. Tunapika mboga, tunatia kwenye achari, tunasaga unga wake, sabuni tunatengeneza."

"Kumbe hata kwao hawali!" Mama Yohana alisema. Hilo ndilo alilolisikia katika maneno yote yale, na ndilo lililofika kisimani kabla ya jioni.

Mimi nilikuwa upande wa Mama Yohana kwa moyo wote. Bahari sikuwa nimeiona. Nilikuwa nimepelekwa mjini mara moja, nikaliona ziwa Singidani: maji mengi yasiyonyweka, ukingo mweupe, harufu ya kitu kilichosahauliwa. Nikahitimisha kwa akili yangu ya miaka tisa kwamba maji ya chumvi ni maji ambayo Mungu aliyaonja akayatema, na kinachoota ndani yake ni takataka. Nilimwona Riziki akilini akiwa amesimama ndani ya ziwa lile na jembe, anapiga maji, yanamrukia usoni, anapiga tena. Nilimwonea aibu. Alipoingia jikoni nilikuwa naangalia miguu yake kama imekauka.

Sasa nieleze habari ya mafiga, maana bila hiyo yaliyofuata hayaeleweki. Nyumbani kwetu mke mpya hakuwa na jiko. Alipika kwenye jiko la Bibi, kwa kuni za Bibi, akiambiwa na Bibi. Siku moja aliruhusiwa kupika peke yake, chakula anachokitaka mwenyewe, na Bibi akakila mbele ya majirani wawili. Bibi akimaliza bakuli, alibeba mafiga matatu kwa mikono yake na kuyapanga mlangoni kwa mke yule. Tangu hapo mke huyo alikuwa na mji wake. Hakuna aliyejipangia mafiga mwenyewe. Mama yangu aliyasubiri mavuno mawili, na mpaka leo akitaja habari hiyo anashusha sauti. Baba mdogo alikuwa ameshajenga vyumba viwili vya bati kando ya nyumba ya Bibi, lakini bila mafiga vyumba vile vilikuwa stoo ya kitanda.

Riziki alipoambiwa siku yake imefika, alisema atapika mwani. Baba mdogo alimbembeleza hadharani, kitu ambacho wanaume wa kwetu hawafanyi.

"Pika kuku, mke wangu. Kuku tu. Kuku hana matata."

"Kuku kila mtu anapika. Mama atajuaje kama nimekuja?"

Na hakuwa mjinga. Hili nilikataa kuliona wakati ule. Alikuwa amemwangalia Bibi akipika mlenda, ule wa majani ya porini yaliyokaushwa na kusagwa, akaona jinsi unavyovutika kutoka kwenye tonge la ugali wa uwele, na jinsi Bibi anavyousifu kwa mvutiko wake. Mwani ukichemka sana nao huyeyuka na kuvutika. Nazi hakuna Kinyangiri, kwa hiyo angetia karanga. Alikuwa amekaa na sisi wiki chache tu akavumbua mlenda wa baharini kwa ajili ya mwanamke aliyekuwa anamcheka. Mimi naoka keki kila siku na sijawahi kuwa na wazo la maana kama hilo.

Nilipewa kazi ya kumsaidia kwa sababu nilikuwa na sifa ya usafi. Nilikuwa mtoto wa kuudhi. Nilichagua maharage kwa ukubwa. Nilisugua sufuria kwa mchanga mpaka nikajiona ndani yake, kisha nikasubiri mtu apite anisifu. Riziki aliniwekea beseni la bluu lenye mwani ndani, akanionyesha madumu matatu ya maji.

"Mwanangu, sikiliza. Huu una chumvi ya bahari, umekauka nayo. Unauloweka, jua likifika pale kwenye mpapai unamwaga, unatia maji mengine. Jua likifika bati, unamwaga tena. Maji matatu. Usipunguze hata moja, sawa?"

"Sawa, mama mdogo."

Akaenda kwa jirani kutwanga karanga kwenye kinu.

Ilikuwa kiangazi. Yale madumu niliyabeba mimi mawili kati ya matatu, kutoka kisima ambacho ukifika unakuta foleni ya ndoo zinazowasubiri wenye nazo. Kwetu maji ya kuoshea uso yaliosha miguu, ya miguu yakamwagiwa mche wa mpapai. Kumwaga beseni zima la maji ambayo hayakuosha hata kijiko! Nilimdharau pale pale. Nilisema moyoni, huyu kazoea maji ya bure ya kwao yasiyonyweka, anadhani na huku ni hivyo. Maji ya kwanza niliyamwagia mbuzi kwenye kihori chao. Waliyanywa, kisha wakalamba kihori mpaka mti ukang'aa. Hapo nikawa na ushahidi: hiki ni chakula cha mbuzi.

Nikatia maji ya pili. Jua lilipofika bati sikumwaga. Dumu la tatu nililirudisha jikoni likiwa limejaa, nikajisikia nimeokoa kitu. Halafu nikafanya jambo ambalo mtoto mvivu asingefanya, la mtoto anayependa kazi iliyokamilika: nilichukua kikombe, nikamwaga maji kidogo chini kando ya beseni, ardhi ilowane, ionekane.

Riziki aliporudi alisimama juu ya beseni. "Maji matatu?"

"Matatu."

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani na yeye alikuwa amefunga. Najua wapishi wengine hugusa kwa ncha ya ulimi na kutema. Yeye hakutaka hata hivyo. Mwani ulipoyeyuka, karanga zilipoingia na mvuke ukawa mzito wenye harufu ile niliyokuja kuinusa juzi kwenye kichupa, alichota kwa mwiko akanipa.

"Niambie chumvi. Mimi sijatia hata punje, nategemea ile yake."

Niliuangalia ule mwiko. Kitu cha kijivu kilining'inia, kirefu, hakikatiki. Niligeuka upande kama mtoto mwenye adabu asiyetaka kuonyesha ulimi, nikaupitisha mwiko karibu na kidevu, nikalamba midomo yangu mikavu kwa sauti.

"Imekolea."

"Haijazidi?"

"Haijazidi, mama mdogo."

"Sema kweli."

"Kweli."

Alinitazama kidogo. Kisha akapakua.

Bibi alikula na Mama Yohana pamoja na bibi mmoja mzee wa jirani aliyekuwa haongei wakati wa kula. Nilisimama na birika la kunawisha mikono. Bibi alikata tonge, akachovya, akainua. Uzi ulivutika kutoka bakulini mpaka usawa wa kifua chake, mwembamba, mzima. Aliuzungusha kwa ufundi na kuukata kwa kidole.

"Unavutika," alisema. Kwa Bibi hiyo ilikuwa hotuba. Baba mdogo, aliyekuwa anajifanya anafunga tairi la baiskeli pale uani, aliacha kufunga.

Kisha wakatia mdomoni.

Yule bibi mzee alitema kwenye kiganja. Mama Yohana alikimbilia nje, tukamsikia akikohoa na kuita majina ya watakatifu. Aliporudi machozi yalikuwa yanamtoka, na furaha pia. "Riziki, umekusudia kutuhifadhi kama samaki? Wapelekee ng'ombe hii, walambe!"

Bibi hakutema. Alifumba mdomo, shingo yake ikakaza, akameza. Akanywa maji kikombe kizima. Akaninyooshea mikono nimnawishe, ingawa ugali ulikuwa bado mlima.

"Asante kwa chakula," alisema. Hakuna neno lililowahi kunitisha kama lile asante. Halafu, kwa upole: "Kwetu mtu huonja kabla ya kutenga."

"Nimefunga, mama."

"Basi ungemwonjesha mtoto."

Birika lilikuwa mkononi mwangu. Riziki aliangalia ile alama ya maji kando ya beseni, ambayo ilikuwa inakauka, akaniangalia mimi, akaangalia chini.

"Sikuwaza, mama. Nimekosea kipimo. Nisamehe."

Mafiga hayakupangwa. Jumapili tatu zilipita, Baba mdogo akimtazama mama yake kila asubuhi kama mtu anayetazama mawingu. Ya nne alileta lori, akapakia kitanda, godoro na gunia, wakahamia Kintinku alikopata kazi ya kuendesha gari la mazao. Hawakurudi kuishi. Walikuja Krismasi, kwa saa moja tu, soda mkononi, gari linanguruma nje. Vile vyumba vya bati vikawa vya mbuzi. Bibi alizoea kukaa kwenye mlango wa chumba kimojawapo akichambua mboga, na mtu akimwuliza kwa nini pale, alisema kuna kivuli. Hapakuwa na kivuli.

Mimi sikumwambia mtu. Nilijua nilichofanya: nimemnyang'anya mwanamke jiko na nimemnyang'anya Bibi mwanawe, kwa kikombe cha maji na neno moja. Tangu hapo naonja kila kitu. Naonja unga mbichi, naonja maji. Keki ikipasuka kidogo juu naitupa na kuanza upya, na wateja wananisifu, wanasema huyu dada ana viwango. Nawadharau kwa kunisifu. Wanasifu adhabu.

Bibi alifariki mwaka jana. Riziki alikuja msibani akiwa mtu mzima, mnene kidogo, na bila kuombwa na mtu alifunga khanga kiunoni akashika masufuria makubwa. Wanawake waliokuwa wamemcheka walimpisha. Mama Yohana, mzee sasa, alikuwa akimwita "mwanangu". Siku ya tatu nilimkuta peke yake nyuma ya nyumba anakoroga maharage. Nilikuwa nimeyaandika maneno yangu kwenye karatasi na kuyafuta mara nyingi, nikasahau yote.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Leta kuni ile."

Nikaleta. "Mama mdogo, yale maji sikuyamwaga. Siku ya mwani. Nilimwaga mara moja tu. Na sikuonja."

Aliendelea kukoroga. "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu niliporudi na karanga. Ulilowesha ardhi upana wa sahani. Beseni zima halimwagiki upana wa sahani, mwanangu." Alisogeza ukuni kwa mguu. "Na mwiko ulinirudishia umejaa."

"Sasa kwa nini uliutenga?"

"Nilikuuliza mara mbili. Ya tatu nilijiuliza mwenyewe. Dumu zima la maji lilikuwa pale jikoni, nimeliona. Ningeweza kuumwaga ule mchuzi nikaanza tena, jua lilikuwa bado. Lakini nilikuwa nimechoka na nyie. Nachekwa kisimani, nachekwa uani, mtoto mdogo ananitazama miguu. Nikasema, mawe yale yakipangwa hapa mlangoni, nitazeekea hapa. Acha waule hivyo hivyo."

"Kwa hiyo si mimi," nilisema. Nilitegemea sauti yangu itoke na nafuu. Ilitoka kama ya mtu aliyeibiwa.

"Wewe?" Alicheka, cheko fupi la dharau halisi, si hii yangu ya vichupa. "Wewe ulikuwa mtoto mwenye kiburi. Mtoto hahamishi nyumba."

Upande wa mbele watu walikuwa wanaimba wimbo wa maziko, wamepotea ubeti. Nilidhani amemaliza.

"Ila mama alimeza," alisema. "Wenzake walitema. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi yake, nimeyapanga na majibu. Akameza, akashukuru. Mtu aliyekuwa hanitaki angetema. Nimekaa Kintinku na jiko langu miaka yote hii, na sijawahi kurudi nikamwambia." Alijifuta uso kwa ncha ya khanga, moshi au si moshi. "Hilo ni langu. Usinipokonye."

Nikatafuta neno zuri la kumjibu, na kama kawaida yangu nililipima, nikalipima tena, mpaka muda wake ukapita. Alichota maharage akayaonja, akatia chumvi kidogo, akaonja tena.

"Beba sinia hilo," aliniambia. "Watu wana njaa."

Nililibeba. Nilipita katikati ya waombolezaji nikitafuta mtu wa kumdharau, hata Mama Yohana aliyekuwa anagombania kiti chenye egemeo, na sikumpata.